Tupeane uzoefu: vyama vya mtaa vya kuwafundisha mbwa utii

Ndugu zangu, salamu. Hapa Kampala mbwa wengi hufugwa ili wabweke usiku, hushinda mnyororoni mchana kutwa bila kufundishwa lolote, kisha tunashangaa wanapomuuma mtoto wa jirani. Mwaka 1933, huko Mount Kisco, New York, Helene Whitehouse Walker, mfugaji wa mbwa wenye manyoya ya kusokotana waliodhaniwa kuwa pambo tu, aliandaa mashindano ya utii ili kuwaonyesha wenye kejeli kwamba mbwa wake wana akili, na mwaka 1936 American Kennel Club, chama cha Marekani cha kusajili mbwa, ikayatambua rasmi mashindano ya aina hiyo. Vyama vya mtaa viliyapokea na kuyageuza kuwa darasa la majirani: kila mtu huja na mbwa wake, na mkufunzi, mara nyingi wa kujitolea, humfundisha mwenye mbwa kabla ya mbwa. Hapa kwetu wengi hudhani mbwa hupelekwa kama gari gereji na kuchukuliwa akiwa tayari. Aliyewahi kushiriki katika kikundi cha namna hiyo atusimulie.

Mchangiaji wa Entebbe, askari mstaafu:
Nilihudumia mbwa wa polisi, na baada ya kustaafu majirani waliniomba tukutane Jumapili asubuhi katika uwanja wa mpira. Nilianza na mukene (dagaa) mmoja mkavu kati ya vidole, nikimpitisha polepole juu ya pua ya mbwa kuelekea kisogoni. Kichwa kikiinuka, makalio hushuka yenyewe, na hapo hapo unampa, kwa maana ukichelewa hata kidogo atadhani amelipwa kwa kusimama. Mbwa walielewa upesi. Shida ilikuwa nyumbani, ambako baba, mama na watoto walitoa kila mmoja amri yake, ndiyo maana baadaye niliidai familia nzima ije.

Mchangiaji wa Bombo:
Sisi tunaofuata madhehebu ya Shafii, chombo kilicholambwa na mbwa hukiosha mara saba, moja kwa udongo, kwa hiyo nilisitasita kujiunga. Mkufunzi hakubishana nami. Alinipa kamba ndefu na kuniruhusu niitupe zawadi chini badala ya kumlisha mkononi, na mbwa wangu mlinzi akajifunza vilevile.

Mchangiaji wa Gulu:
Huku shirika la The BIG FIX Uganda lina mradi uitwao The Comfort Dog Project, unaowaunganisha watu walioumizwa nafsi na vita vya waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) na mbwa waliookolewa, nao hufunzwa pamoja. Binamu yangu ni mmoja wao. Alikuwa hawezi kukaa sokoni watu wakiwa nyuma ya mgongo wake. Sasa mbwa hulala nyuma ya kiti chake, naye huuza mihogo hadi jioni. Wazee walimcheka mwanzoni, na sijui kama wameacha.

Mchangiaji wa Jinja:
Kikundi chetu kilivunjika mwenye kiwanja alipoanza kujenga. Hata hivyo, kilikuwa na sharti moja ninalolitetea mpaka leo: mbwa asiye na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa hakupokewa, hata mwenyewe awe nani. Kwa sharti hilo tu, watu ambao hawakuwahi kufika kwa daktari wa mifugo walipanga foleni, na baadhi yao bado hurudi kila mwaka kuchanjisha.