Scratch au Python kwa gredi ya 7? Jumatano iko karibu, naomba ushauri

Tarajali_Ahero
Habari zenu wakubwa. Mimi ni mwalimu tarajali wa sekondari msingi upande wa Ahero, Kisumu. Nimeanzisha klabu ya kompyuta: wanafunzi 24, laptopu 4, kila Jumatano jioni. Wiki mbili zimeishia kwenye kuwasha, kuzima na kuchapa majina. Sasa nataka waanze kuandika programu. Nianze na Scratch, ile lugha ya programu ya watoto, au niingie Python moja kwa moja, lugha ya kuandika kwa herufi, maana ndiyo inayotafutwa kazini? Usingizi umeniruka tangu juzi. Siasa sitaki, tafadhali.

Fundi_Kondele
Scratch, mwalimu. Mtoto anavuta vipande na kuviunganisha, hakuna herufi za kukosea. Kwenye Python nukta pacha moja ikisahaulika programu inagoma, na mtoto anayeisaka herufi "k" dakika nzima atakata tamaa kabla ya kengele. Sakinisha ile isiyohitaji intaneti, kisha ubadilishe lugha iwe Kiswahili, imo. Ila kwanza wafunze kuhifadhi faili na kuipata tena. Kila wiki naletewa laptopu na vijana wa chuo, "kazi yangu imepotea", kumbe imelala kwenye folda nyingine.

Guka_Nakuru
Umenikumbusha mbali. 2013 tuliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. 2016 zikaanza kuja tabuleti, nami wakati huo niko kwenye bodi ya shule. Tukachanga mlango wa chuma, vyuma vya madirisha, na bawabu wa usiku. Tabuleti zilikaa salama kabisa. Watoto waliziona siku wageni walipokuja. Ufunguo alikuwa nao mwalimu mkuu, na alipohamishwa alihama nao.

Kijana_Bungoma
Siku hizi programu zinaandikwa na akili unde. Wafunze kufuga kuku.

NyarKano
Mwalimu, gredi ya 7 yote ina watoto 24 tu? Na hizo laptopu ni za shule?

Tarajali_Ahero
Gredi ya 7 wako 71. Laptopu zipo tu. Tusitoke kwenye mada.

NyarKano
"Zipo tu" ndiyo nini? Hata mbuzi wa barabarani ana mwenyewe.

Tarajali_Ahero
Haya. Ni zangu. Nilikopa elfu 60 kwa chama chetu cha kukopeshana, nikanunua nne zilizotumika, elfu 15 kila moja. Kila mtoto anatoa 200 kwa wiki, zinaingia kwa simu yangu. Mwalimu mkuu anajua, ila si kwa maandishi. Kabla hamjanirukia: posho ya tarajali ni 20,000 kwa mwezi, na hiyo ni kabla ya makato. Ningengoja za serikali, hawa watoto wangefika gredi ya 10 hawajui hata pa kuwashia. Na wazazi walikubali wenyewe, mpunga ulikuwa umeshauzwa.

Hesabu_Mbale
24 mara 200 mara wiki 4 ni 19,200. Hongera mwalimu, umejipandisha cheo.

Wakili_wa_Kijiweni
Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza karo ya masomo kwenye shule za umma. Malipo mengine lazima yaidhinishwe na Waziri, na mtoto hafukuzwi kwa kukosa kulipa. "Anajua, ila si kwa maandishi" ni sentensi ambayo siku ya siku utaisema peke yako.

Tarajali_Ahero
Si karo, ni ya mkopo! Soketi inayofanya kazi ni moja tu, ya ofisini, na betri za hizi laptopu hazidumu saa nzima. Na simfukuzi mtu. Kuna mvulana hajalipa, wiki zote mbili amesimama dirishani mpaka tumalize.

Sidanganyiki
Hapo ndipo nimekukamata. Mtoto wa dirishani! Huyo hakosi kwenye hadithi yoyote ya kuomba msaada. Ujumbe unaofuata ni namba ya kutumia pesa. Au wewe ni muuzaji wa laptopu kuukuu: bei umeitaja bila kuulizwa.

Kijana_Bungoma
Na mimi nilishatenga hamsini yangu.

Guka_Nakuru
Kwani hii ni hadithi? Na mimi nimemwaga ya moyoni hapa.

Tarajali_Ahero
Nimeomba senti ya nani? Huyo mvulana wala hajui kompyuta. Wiki jana nilimuuliza kipanya ni kipi, akaonyesha chaja. Anamngoja dada yake, wako darasa moja. Mama yao alikuwa na mia mbili ya mtoto mmoja tu. Njia yao inapita kando ya mifereji ya mpunga na giza likiingia hamwachi arudi peke yake.

Sidanganyiki
Hiyo ya chaja mtu hatungi. Lakini namba bado naingoja.

Fundi_Kondele
Watu sita kwa laptopu moja, mwalimu! Mmoja anashika, watano wanatazama. Hao watano wana tofauti gani na wa dirishani, isipokuwa wamelipa? Fanya hivi: mtoto mmoja mfunge macho, wenzake wamwandikie kwenye karatasi njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji. "Hatua tano mbele. Geuka kulia. Ukigusa ukuta, simama." Anafuata kilichoandikwa tu, hata akigonga mti. Wakirekebisha karatasi mara tatu nne wameshaandika programu, na stima haijatumika. Scratch watakutana nayo wakijua wanachokitafuta.

Tarajali_Ahero
Hiyo ya tangi naifanya Ijumaa, wote 71, bure. Jumatano inabaki ya kulipia mpaka mkopo uishe. Chama hakili mawaidha.

NyarKano
Na yule wa dirishani, Jumatano atakaa wapi?

Tarajali_Ahero
Nimemwambia aje na kiti. Sijamwambia akiweke ndani au nje.