WhatsApp ikiibwa, aliyetoa zile namba 6 za kuingilia awalipe waliotuma pesa?

Mwana Katuba: Wazee, wamama, tuamue. Mtu wa likelemba, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, anaandikiwa: «Namba 6 zimekuja kwako kwa makosa, nirudishie.» Anazituma. Mwizi anaingia, anaomba wenzake dola 50 kila mmoja. Mimi nasema alipe. SMS yenyewe ya WhatsApp inakataza kumpa mtu namba hizo. Lakini wamama wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi, hawasomi, wanabonyeza tu.

Mama Furaha: Papa, hilo la «hawasomi» lifute. SMS ile huja kwa lugha gani? Mara nyingi Kifaransa au Kiingereza. Mama anayeshika kichwani zamu za watu 20 anajua kusoma kilicho chake.

Mwana Katuba: Sikutukana mtu. Asiyeelewa SMS aulize jirani.

Mama Furaha: Jirani gani? Mwizi ndiye anajifanya jirani!

Fundi wa Kamalondo: Mnagombana na mwizi yuko ndani. Andikisha tena namba yako kwenye WhatsApp na +243 ya Congo, ngoja SMS, ingiza namba 6. Zikikubaliwa, anatolewa hapo hapo. Kisha fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ondoa usichokijua.

Mwana Katuba: Si unangoja siku 7?

Fundi wa Kamalondo: Hizo ni kama mwizi ameweka PIN yake, namba ya siri ya hatua ya pili. Unangoja, ila yeye ameshatoka. Na kama aliomba SMS mara nyingi, utaona saa inahesabu: iache iishe, kila jaribio linarefusha. Ukiingia weka PIN yako pamoja na barua pepe. Bila barua pepe, siku ukiisahau PIN unangoja tena.

Yaya wa Ruashi: Ongezeni hili. Kama mtandao umekatika kwenye simu yako peke yake, huenda kadi ya simu imehamishwa. Hapo SMS zinamfikia yeye. Kimbia kwa kampuni ya simu na kadi ya mpiga kura, na pesa ya simu ifungwe kwanza.

Mwana Katuba: Sawa. Bado alipe nusu.

Mama Furaha: Na wale waliotuma bila kuita? Muite mwenye namba kwa simu ya kawaida, usiite kwa WhatsApp, maana huko anapokea mwizi. Pesa ilienda kwa namba nyingine kabisa, ndiyo waliyoandika wao wenyewe pale kabini ya kutumia pesa ya simu. Na neno lako bado hujalifuta.