Tupeane uzoefu: mtoto ukimwambia "fanya" anagoma, hata jambo analolipenda mwenyewe (Mwanza na kandokando ya ziwa)

Mama K, Buzuruga

Habari za jioni wazazi wenzangu. Nafungua uzi huu kwa wenye watoto wa aina ya wangu, hasa mlioko Mwanza, Sengerema, Ukerewe na huko visiwani, maana ushauri wa "mchape atanyooka" tumeshausikia wote mpaka umetukinai.

Wangu ana miaka minane. Wiki nzima ananiuliza lini tutapanda kivuko cha Kamanga kwenda kwa baba yake mdogo. Siku imefika, kavaa mwenyewe, begi mgongoni. Nikasema tu, "Haya, vaa viatu twende." Akaingia chini ya meza. "Miguu yangu imekufa." Nikamsogezea viatu, akasema yeye ni kobe na kobe havai viatu. Nikasisitiza, akalia mpaka akatapika. Na safari aliitaka mwenyewe! Hapo ndipo ninapotofautisha na jeuri. Mtoto jeuri anakataa kufua soksi, ila ukitaja chipsi yuko mlangoni kabla yako. Wangu hata chipsi, ukizigeuza kuwa agizo, haendi.

Daktari alituambia ni usonji, na ndani yake kuna hali ya kukwepa maagizo kupita kiasi ambayo wataalamu wanaifupisha PDA. Aliyeanza kuieleza ni mwanasaikolojia wa Uingereza, Elizabeth Newson, miaka ya 1980 kule Nottingham. Miongozo mikubwa ya utambuzi, DSM-5 na ICD-11, haijaiweka kama ugonjwa unaojitegemea, na wataalamu wenyewe bado wanabishana, kwa hiyo usishangae karatasi ya mtoto ikiandikwa usonji basi. Kinachomsukuma ni wasiwasi. Akiambiwa "fanya", anahisi uamuzi wote umetoka mikononi mwake, na mwili unashtuka kama kuna hatari. Wewe unaona ukaidi, yeye yuko kwenye hofu.

Haya, leteni na yenu.

Mvuvi wa Kayenze

Mimi niko kwenye dagaa. Wakati wa giza nakesha ziwani, mbalamwezi ikiingia ndiyo nakaa nyumbani. Mama watoto alishagundua kwamba kijana anachafuka zaidi siku ninazokuwepo, kwa sababu nyumba inapata mtoa amri wa pili. Siku hizi nikifika sitoi agizo lolote. Natandika mkeka, navuta nyavu, naongea peke yangu: "Hili tundu hili... na sindano sijui niliiweka wapi." Halafu nanyamaza. Nanyamaza kweli, wala simwangalii. Baada ya muda sindano imekuja na uzi umeshatungwa.

Sasa angalizo. Ukirukia kusema "Hodari sana! Kesho tena eeh?" umeharibu. Sifa kwake ni agizo la kesho. Mimi nasema "sindano imepatikana" na kazi inaendelea. Hili la sifa ndugu zangu hawalielewi kabisa, wanadhani namnyima mtoto upendo.

Kichwa Maji

Samahani wakuu, sisi tumelelewa kwa fimbo na tuko hapa tunadunda. Mnawadekeza watoto halafu mnawatafutia majina ya kizungu.

Mama K, Buzuruga

@Kichwa Maji karibu kwangu wikiendi moja, njoo na fimbo yako. Mtoto anayeogopa kuamriwa ukimwongezea cha kuogopa, unategemea nini? Na zawadi ni hivyo hivyo. "Ukimaliza kula nakupa katuni" ni amri ileile, anaistukia kabla hujafunga mdomo.

Madam wa Nyakato

Mimi ni mwalimu wa msingi, niseme ya darasani. Wengine shuleni wametulia tuli. Nina binti ambaye mama yake alipokuja kueleza kwamba nyumbani anavunja sahani, ofisi nzima ilicheka. Mtoto anajibana kutwa, akiingia kwao ndipo anapolipuka. Nilipoanza kumtazama vizuri nikaona. Ukimwita ubaoni, anaomba ruhusa ya chooni. Ukisema fungueni madaftari, penseli yake imekatika. Ukimfuata, "Madam hicho kitenge umenunua wapi, kinakupendeza!" Sababu haziishi, na anazitoa kwa adabu kiasi kwamba unajikuta unamjibu bei ya kitenge.

Darasa limejaa, siwezi kukaa na mmoja. Nafanya ninachoweza: naandika maswali mawili ubaoni nasema anayetaka kuanza na la chini aanze na la chini. Au nakosea hesabu kwa makusudi, anashindwa kuvumilia, anasimama kunirekebisha. Siku hiyo amesoma.

Kuhusu viboko: kanuni za 2002 zinasema visizidi vinne, na anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Kwa hiyo zungumza na mkuu wa shule mwenyewe, mapema, ukiwa na barua ya daktari, na nakala mpelekee afisa elimu maalumu wa halmashauri. Ukisubiri mpaka mtoto amechapwa, mazungumzo yanakuwa ya ugomvi.

Mjukuu, Sengerema

Naandika kwa niaba ya bibi, anakaa na mdogo wangu. Majirani walishasema katupiwa kitu, na mganga alishatajwa pamoja na bei yake. Bibi alikataa. Anasema huyu mtoto haamrishwi, anaombwa kibali.

Ikifika jioni, bibi anabisha hodi kwenye pembe ya chumba. "Hodi Mtendaji wa Kijiji. Maji yamepata moto, wananchi wanaomba ruhusa ya kuoga." Mdogo wangu anakunja uso, anauliza wananchi wangapi, wana sabuni? Kisha anagonga muhuri kwa dole gumba kwenye kiganja cha bibi. Mara nyingi anatangulia kuoga yeye, eti mtendaji awe mfano. Siku nyingine anajibu "ofisi imefungwa", na imefungwa kweli. Bibi anampangusa miguu kwa kitambaa chenye maji akishasinzia, hakuna kelele.

Baba Wawili, Igombe

Nimecheka sana hapo kwa Mtendaji. Lakini sisi ziwa liko nyuma ya nyumba na mamba wapo. Mamba haombwi kibali. Hapo mnafanyaje?

Mama K, Buzuruga

@Baba Wawili swali la maana. Punguza amri ndogo ili zile kubwa zibaki na uzito. Kwangu zimebaki ziwani bila mtu mzima hapana, barabarani peke yake hapana, na dawa. Basi. Soksi za rangi mbili, kula ugali amekaa sakafuni, kulala na begi la shule, nimeachia. Hata zile kubwa sisemi "nakukataza". Nasema "sheria ya kivuko ndiyo hiyo, nahodha haondoi chombo mtu akiwa hajakaa." Sheria isiyo na uso wa mama anaivumilia kidogo.

Na usimpime kwa jana. Kama hakulala, au mtaani kuna spika za msiba, aliyeoga jana kwa hiari leo hawezi.

Nesi, Pasiansi

Akishalipuka: punguza maneno, toa watazamaji, usimshikeshike isipokuwa anajiumiza, kaa chini karibu yake. Maswali baadaye sana. Ambao hawajafika hospitali, Bugando wana idara ya afya ya akili, anzeni kituo cha karibu mpate rufaa.

Baba Wawili, Igombe

Asanteni. Dada yake ananiuliza kwa nini yeye anaosha vyombo na kaka haoshi. Nimekosa jibu la kumpa mtoto wa miaka kumi na moja.

Mvuvi wa Kayenze

Hapo hata mimi nasubiri wajuzi. Kwetu dada mtu anapewa muda wake na mama, wawili tu, wanakwenda Mwaloni kununua sato. Vyombo bado analalamika.

Mama wa Pacha, Mabatini

Jamani kunyoa? Wangu akiona mashine tu anatoka mbio.

Madam wa Nyakato

@Mama wa Pacha yupo kinyozi huko huko kwenu anayemwachia mtoto aanze kumnyoa yeye mkono, mashine ikiwa imezimwa. Wengine siku ya kwanza wanaishia hapo, anawaacha waende. Nenda asubuhi kabla watu hawajajaa. Njoo inbox nikuelekeze.