G203, G305, G502 Hero au DeathAdder Essential: kipi hakichoshi mkono?

Lengashabaha
Wakuu, nalinganisha vipanya vinne: Logitech G203, G305, G502 Hero na Razer DeathAdder Essential. Kazi yake ni gemu ya risasi ya Counter-Strike 2 jioni kwa muda wa saa 3 hadi 4, mchana Excel. Mkono una sentimita 18.5 kutoka ncha ya kidole cha kati hadi mkunjo wa kifundo. Na je, DPI (hatua ambazo kipanya huhesabu kwa kila inchi kinaposogezwa) 25,600 za G502 zina faida gani mbele ya 6,400 za DeathAdder?

Kiganja_Kipana
DPI ziweke kando, mkuu. Kwa 25,600, ukisogeza kipanya inchi moja kishale kimevuka skrini ya pikseli 1,920 mara 13. Nani anacheza hivyo? Watu wengi wako kati ya 400 na 1,600, na vyote vinne vinafika huko bila shida.

Angalia umbo. Kanuni ya haraka: urefu wa kipanya uwe karibu asilimia 60 ya urefu wa mkono. Kwako ni milimita 111. G203 na G305 zina 116, DeathAdder 127, G502 ina 132. Ila kanuni hii inabadilika kulingana na unavyoshika. Anayelaza kiganja chote anahitaji nundu ya kujaza kiganja, hapo DeathAdder inakaa vizuri hata ikizidi kidogo. Anayekunja vidole kama kucha, au kushika kwa ncha tu, atachoka na kipanya kirefu kwa sababu mgongo wake unamgonga kiganjani kila anapovuta kuelekea kwake. Sema kwanza unashikaje.

Excel_na_Risasi
Msiitupe G502 haraka. Gurudumu lake lina kitufe cha kulifungua likazunguka lenyewe. Mistari mingi ya Excel unaishuka kwa msukumo mmoja. Ukiingia kwenye gemu lifunge, la sivyo silaha zinajibadilisha zenyewe. Ina vitufe 11, na kidole gumba kina mahali pa kupumzikia.

Kiganja_Kipana
Na uzito wake wa gramu 121 je? Hapo bado hajaweka vile vizito 5 vya kuongezea vinavyokuja nayo, gramu 3.6 kila kimoja. Kwa gemu ya kulenga unakiinua na kukirudisha mara mamia kwa saa, na anayelipa ni kifundo cha mkono. DeathAdder ni 96, G203 ni 85. Kwa Excel sawa, hapo sibishi.

Lengashabaha
Nashika kwa kucha.

Betri_Moja
Basi imebaki G203 au G305, umbo ni lilelile. G305 haina waya, ina gramu 99 pamoja na betri ya AA. Betri inakaa nyuma, ndiyo maana wengine wanasema inavuta mkia. Dawa: weka AA ya lithiamu, yenye gramu 15 badala ya 23 za alkalini. Au AAA ndani ya kifuko cha kuigeuza kuwa AA. Inapungua zaidi, lakini saa 250 za kudumu kwa betri zinazotajwa na Logitech zisahau.

Kipokezi, kile kidude cha USB kinachopokea mawimbi ya kipanya, usikichomeke nyuma ya kompyuta kando ya flashi au diski ya USB 3. Bandari hizo hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz na kishale kinaanza kurukaruka. Tumia waya wa kurefushia, uweke kipokezi sentimita 20 hivi kutoka kwenye kipanya.

FundiSwichi
Ugonjwa wa kujibofya mara mbili unaweza kukipata chochote kati ya hivyo vinne. Bati dogo ndani ya swichi limelegea au limeota kutu. Dalili ya kwanza: unaburuta faili, linaanguka njiani. Kupulizia dawa ya kusafishia kunasaidia wiki chache tu. Tiba ni kubadili swichi yenye miguu mitatu, na kuichomelea upande uleule ilivyokaa ya zamani. Skrubu hujificha chini ya vipande vya kutelezea vilivyobandikwa tumboni mwa kipanya. Vipashe moto kwa kikausha nywele ndipo uvibandue, maana vikikunjika havirudi kunyooka, kipanya kitakwaruza pedi.

Lengashabaha
Naelekea G305. Pedi ina upana wa sentimita 25, inatosha?

Kiganja_Kipana
Kwa DPI 800 na wepesi (sensitivity) wa 1.0 ndani ya Counter-Strike 2, kugeuka nyuma kunataka sentimita 26. Unatoka nje ya pedi. Panda hadi 2.0, inakuwa 13. Au nunua pedi ya sentimita 45 ubaki na 1.0. Na kwenye mipangilio ya kipanya ya Windows ondoa tiki ya kuongeza usahihi wa kishale, kwa sababu inabadilisha umbali kufuatana na kasi ya mkono. Ikibaki, Excel na gemu zisizosoma kipanya moja kwa moja zitakupa kipimo tofauti kila mara.