Mkuu wa upelelezi wa London aliyepiga hesabu za Danieli: cheo chake kinaongeza uzito?

DadaWaMjini
Salamu kwenu wakubwa zangu na wadogo zangu.

Nasomesha vijana Biblia kila Jumapili hapa Unguja mjini. Juzi mmoja kaniletea kijitabu kinachomsifu Sir Robert Anderson, mzaliwa wa Dublin, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa polisi wa London kuanzia 1888 hadi 1901. Kinasema aliyashughulikia majuma sabini ya Danieli sura ya 9 kama kesi. Alianza na amri ya Artashasta, mfalme wa Uajemi, ya kuujenga tena Yerusalemu, ile ya Nehemia 2, akaipa tarehe 14 Machi 445 kabla ya Kristo. Majuma 69 ya mpaka kuja kwa Masihi, kila juma miaka saba, ni miaka 483. Kila mwaka akauhesabu siku 360, zikawa siku 173,880, zikamfikisha 6 Aprili mwaka 32, siku Bwana Yesu alipoingia Yerusalemu juu ya mwanapunda.

Vijana wamevutika mno. Mmoja kaniambia, "Mwalimu, huyu si padri, huyu ni polisi, na polisi hatamki bila ushahidi." Hapo nikakwama. Kuna aliyefanya kazi ya upelelezi humu anisaidie?

MstaafuWete
Mwanangu, salamu za Pemba. Mimi ni Muislamu, tafsiri ya Danieli nawaachia wenyewe. Lakini upelelezi nimeufanya miaka 31, na kesi ya Whitechapel, mtaa wa London alikoua wanawake yule aliyeitwa Jack the Ripper, nimeisoma mpaka nikaiota; ilikuwa mikononi mwa huyo huyo Anderson.

Anza na tarehe. Kitabu chenye hesabu hizo, *The Coming Prince*, kilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1880, na ukuu wa upelelezi aliupata 1888. Alipokuwa akihesabu alikuwa mwanasheria wa serikali, kazi yake habari za siri za Wafenia, wale Wairishi waliotaka kuitoa nchi yao mikononi mwa Waingereza. Anayesema "mkuu wa upelelezi kathibitisha" kaivisha hesabu magwanda ambayo mwenyewe alikuwa hajakabidhiwa.

Sasa hayo magwanda. Alishika kazi wanawake wa Whitechapel ndio kwanza wanaanza kuuawa, akaenda Uswisi kwa ajili ya afya yake, akarudi Oktoba baada ya wawili kuuawa usiku mmoja, 30 Septemba. Hakuna aliyewahi kushitakiwa. Mwaka 1910, keshastaafu, akaandika katika kumbukumbu zake kwamba muuaji alijulikana: Myahudi wa Kipolandi. Eti shahidi pekee aliyemwona vizuri alimtambua bila kusita, kisha akakataa kutoa ushahidi. Akaandika pia kwamba watu wa jamii ile hawamtoi mwenzao kwa serikali. Jina la mtuhumiwa hakuliandika, la shahidi hakuliandika, tarehe ya utambuzi hakuna. Na hilo aliliita jambo lililothibitika.

Jalada la namna hiyo ningelipeleka kwa mwendesha mashitaka, lingerudi siku ile ile. Wenzake nao hawakukubaliana. Macnaghten, mkubwa mwingine wa polisi wa London, mwaka 1894 aliandika majina matatu ya washukiwa, Kosminski, Myahudi wa Kipolandi, akiwemo, lakini yeye mwenyewe akaegemea kwa Mwingereza mmoja, Druitt. Abberline, mpelelezi aliyekuwa mitaani hasa, mwaka 1903 akamtaja mtu mwingine kabisa, Klosowski.

Nitakwambia kwa nini linaniuma. Nikiwa kijana kazini nilisimamia gwaride la utambuzi. Mama mmoja aliyeibiwa akanyoosha kidole moja kwa moja, mkono hautetemeki. Nikaandika kwa furaha. Siku ya nne ikabainika kuwa usiku ule kijana yule alikuwa ndani ya dau na wavuvi wenzake sita, nje ya Fundo. Siku nne kalala ndani kwa saini yangu. Nilikwenda kwao kumuomba radhi, mama yake akanipa chai wala hakusema neno.

Na ile kuitia jamii nzima hatiani kwa mtu asiyetajwa jina, sisi tunaijua. Mwaka 1995, hofu ya jini popobawa ilipotoka huku ikafika Unguja, watu walimuua mgonjwa wa akili wa watu, wana hakika ndiye.

MwalimuMakunduchi
Mzee wangu, shikamoo. Naongeza la mwaka tu.

Wazee wetu huku walihesabu mwaka kwa miongo: miongo 36, kila mmoja siku kumi. Hizo ni 360. Kisha huja siku tano za juu, ndipo mwaka unatimia na tunaukoga. Bila hizo tano, msimu wa kupanda ungehama kila mwaka mpaka ukaangukia kiangazi.

Anderson hakuziongeza. Hoja yake ni kwamba Ufunuo unailinganisha miezi 42 na siku 1,260, kwa hiyo mwaka wa unabii ni siku 360. Hoja ipo, siidharau. Ila miaka yake 483 ukiirudisha kwenye miaka ya jua inabaki 476 na siku chache. Miaka saba imekwenda. Tena, alipojumlisha siku za ziada za miaka mirefu aliweka 116 badala ya 119, ilhali tarehe zake ni za kalenda ya Julius, ile ya kale ya Kirumi inayoongeza siku moja kila mwaka wa nne bila kuruka, isiyopunguza hizo tatu. Zirudishe, hesabu haitui tena 6 Aprili. Na wanahistoria wengi huweka kusulubiwa mwaka 30 au 33.

NduguWaMbweni
Jamani, mtu asimalizwe kwa kitabu kimoja. Mwaka 1897 alitoa *The Silence of God*, juu ya swali kwa nini mbingu zinanyamaza watu wakiteseka. Anasema Mungu ananyamaza kwa kuwa neno lake la mwisho, neno la neema, keshalisema katika Kristo. Nilikisoma mke wangu akiwa kitandani hospitali. Pale hakuna tarehe wala jumla, kuna mtu anayehangaika na swali gumu, na kilinishika mkono. Ukiniuliza urithi wake, kwangu ni huo.

DadaWaMjini
Ndugu wa Mbweni, pole, na ahsante. Hicho nitakitafuta.

Mzee wangu, hilo la saini limenikaa. Sasa Jumapili niwaambie nini hawa vijana? Sitaki waone nawavunja moyo.

MstaafuWete
Usiwaambie kitu, mwanangu. Wape karatasi na kalamu wahesabu wenyewe, siku tatu za Mwalimu wa Makunduchi wazione kwa macho yao. Kisha waulize nani alikuwepo Nehemia alipopewa barua zake, na 14 Machi kaandika nani. Akitokea kijana wa kukubishia, mwache abishe mpaka mwisho, huyo ndiye mpelelezi wako. Wacha nikakunje majamvi ya karafuu, wingu limefunga upande wa bahari.