Msaada: kisu cha mfukoni na plaizi ya kukunja kwenye begi la chini, safari ya Dar – Birmingham

Fundi Kigamboni
Wakuu habari za jioni, na shikamoo kwa wakubwa wote humu.

Ijumaa usiku naruka kwenda Birmingham kumtembelea dada yangu, napitia Doha. Ni safari yangu ya kwanza ya nje, mniwie radhi kama swali ni la kitoto. Mimi ni fundi umeme. Nina plaizi ya kukunja, Leatherman Wave, ile yenye koleo, visu viwili, msumeno na bisibisi humo humo ndani, na nina kisu kidogo cha mfukoni. Najua kwenye begi la mkononi haviingii. Naulizia begi kubwa, lile la kukabidhi kaunta: vinapita au vinabaki kwa askari? Kuna jamaa kaniambia watanipokonya mlangoni na ndege itaniacha. Tangu juzi usingizi unanipa shida. Wajuzi wa mambo nisaidieni. Nawasilisha.

Kaunta ya Asubuhi
Mkuu ondoa hofu. Nimefanya kazi upande wa mizigo. Begi linalokwenda tumboni mwa ndege linaruhusiwa kuwa na kisu, mkasi, bisibisi ndefu, hata panga la shamba, ilimradi kitu chenyewe kisiwe kimepigwa marufuku huko unakokwenda.

Makali yafunikwe. Kikunje, kitie kwenye ala yake, kizungushie kipande cha boksi, kisha piga selotepu. Begi likitiliwa shaka linafunguliwa, na anayelifungua anapenyeza mkono kati ya nguo bila kuona kilichomo. Nilimshuhudia mwenzangu akichanwa kiganja na kisu cha jikoni ambacho abiria alikiviringisha kwenye fulana tu. Damu ilitapakaa kwenye mashati ya watu na zamu ikaharibika.

Halafu jambo ambalo wengi hawaambiwi: viwanja vyetu vina mashine ya eksirei mlangoni kabisa, kabla hujafika kaunta, na mabegi yote yanapita hapo, makubwa kwa madogo. Aliyekaa kwenye skrini hajui lipi linakwenda chini. Akiona kisu atakuita, ni kazi yake. Mjibu kwa utulivu, "Hili ni la kukabidhi." Atakuachia au atakuomba ufungue aone. Kwa hiyo kiweke juu juu, usikizike chini ya suruali zote.

Tiketi yako ni moja mpaka Birmingham, au umenunua mbili tofauti?

Fundi Kigamboni
Moja mpaka mwisho. Asante sana mkuu, umenitua mzigo.

Kaunta ya Asubuhi
Basi lebo itaandikwa Birmingham moja kwa moja, Doha hutaligusa hilo begi. Wenye tiketi mbili ndio hupata tabu, maana wanalichukua begi katikati ya safari na kupita ukaguzi upya.

Bint Mtoni
Mwanangu, mimi nilibeba mbuzi ya nazi kutoka Unguja mpaka Maskati! Ile ya mti ya kukalia, nilirithi kwa bibi. Kijana wa mashine ya mlangoni akaita wenzake, wakaikodolea macho ile skrini. Wanaona ubao unaokunjuka na chuma chenye meno kimetokeza mbele, wala hawakuwa watu wa pwani, hawakuwahi kuiona. Ikabidi niifungue pale pale, nikae, niwaonyeshe mtu anavyokuna nazi. Foleni nzima inacheka. Yale meno nilikuwa nimeyavika boksi, juu yake khanga kuukuu nikaikaza kwa kamba, hata ukipitisha mkono hukwaruziki. Wakaniambia nenda mama.

Na wanaume wa huku wanasafiri na majambia yao wakiwa na harusi, yanakwenda begi la chini bila ugomvi. Jambia liko mpaka kwenye bendera ya Oman. Cha muhimu useme ukweli unapoulizwa.

Hakimu wa Mtaa
Mimi nina swali moja tu. Mtu unakwenda kwa dada yako, damu yako, umebeba visu viwili vya nini? Vijana mbadilike. Dada wa watu amemiss dagaa wa Kigoma, amemiss mchele wa Kyela, wewe unamwazia visu.

Fundi Kigamboni
Mkuu Hakimu, Leatherman ndiyo mkono wangu wa kazi, siachani nayo. Na dada ana soketi mbili ameniomba nizitazame.

Mwana wa Nyali
Hapo kwa soketi pole pole, ndugu yangu. Una viza ya matembezi? Hiyo hairuhusu kazi. Ukishuka na begi limejaa vifaa vya ufundi, afisa wa uhamiaji ana haki ya kukuuliza umekuja kutembea ama kuchapa kazi. Plaizi moja haina neno. Tester, drili na waya uache nyumbani.

Na kuna watu watakudanganya ati kisu chini ya sentimita 6 unaingia nacho mpaka kitini. Kipimo hicho kipo kwenye kanuni za usalama wa anga za Umoja wa Ulaya, si za dunia nzima. Wamarekani nao walijaribu: Machi 2013 mamlaka yao ya usalama wa usafiri, TSA, ilitangaza kwamba visu vidogo vitaruhusiwa ndani ya ndege. Wahudumu wa ndege wakapinga vikali, na Juni mwaka ule ule mpango ukafutwa. Watu hawajasahau Septemba 2001. Kwa hiyo wewe weka chini, basi.

Kisiki cha Mpingo
Nimesoma uzi wote. Kuna kitu kinanisumbua. Plaizi umeitaja kwa jina na ukoo wake. Kisu umesema "kidogo cha mfukoni", ukanyamaza. Ni kisu gani?

Fundi Kigamboni
Ni kisu tu cha kawaida mkuu. Cha kukunja.

Kisiki cha Mpingo
Kinafunguliwaje? Kwa ukucha, kwa kidole gumba, au vipi?

Fundi Kigamboni
Mkuu nadhani tunatoka nje ya mada. Kaunta ameshanijibu kwamba begi la chini ni ruksa.

Kisiki cha Mpingo
Hatujatoka. Naishi Leicester na nakuuliza kwa nia njema. Kinafunguliwaje?

Fundi Kigamboni
Haya. Kina kitufe ubavuni. Ukibonyeza, makali yanafyatuka yenyewe. Lakini si kirefu, hata kiganja hakizidi.

Na si changu. Ni zawadi ya mjomba kwa mtoto wa dada, ametimiza miaka 18. Mjomba ndiye aliyenisomesha ufundi, hakuna siku nimemwambia hapana. Ameshampigia kijana simu, ameshamwambia zawadi inakuja na mimi. Sasa nitarudi vipi kwake? Nilishapanga nikizungushie karatasi ya foili, nikitie ndani ya kiatu, nikijaze soksi juu. Nani atakipekua kiatu? Na Kaunta kasema hata panga linapita.

Kaunta ya Asubuhi
Fundi, rudia kusoma. Nilisema ilimradi kisiwe kimepigwa marufuku unakokwenda.

Kisiki cha Mpingo
Ndugu yangu, hapo ndipo ulipokuwa unatukwepa. Soma taratibu.

Uingereza visu vya kufyatuka kwa kitufe vilipigwa marufuku kuuza na kuingiza nchini tangu sheria ya mwaka 1959. Kuanzia Julai 2021 ni kosa hata kuwa nacho ndani ya nyumba yako. Shirika la ndege linajali usalama wa ndege. Kisu kikiwa tumboni, abiria wako salama, wao wamemaliza. Ukishuka Birmingham unakutana na sheria ya nchi na watu wa forodha. Ukikamatwa nacho huko, aliyekiingiza nchini ni wewe uliyekibeba. Mjomba atakuwa Dar anakunywa chai. Na kikipita, umemkabidhi kijana wa miaka 18 kitu ambacho polisi wakikikuta chumbani kwake, maisha yake yanaanza na kesi. Huku mambo ya visu na vijana ni moto, hawacheki na mtu.

Foili haifichi kitu. Chuma kinaonekana umbo lake, kitufe na springi yake. Na kisu kilichofichwa ndani ya kiatu kinamwambia afisa kwamba ulijua. Kilichowekwa wazi juu ya nguo ungeweza angalau kujitetea.

Sasa na hiyo Wave. Kuingia nayo haina shida. Shida ni kutembea nayo. Huku kisu unachoruhusiwa kuwa nacho mfukoni bila kuulizwa ni cha kukunja, kisichojifunga kikishakunjuliwa, makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Wave makali yake yako chini ya hapo, lakini yanajifunga. Kikijifunga tu hakihesabiwi tena kuwa cha kukunja, na lazima uwe na sababu ya msingi ya kuwa nacho, kwa mfano unakwenda kazini. "Nimezoea kuwa nayo mkandani" si sababu. Adhabu inafika miaka minne jela. Ikifika kwa dada ikae droo la jikoni.

Mti Mkavu
Ila Leatherman jamani! Mnajua ilivyoanza? Tim Leatherman alikuwa anazunguka Ulaya mwaka 1975 na gari dogo la Fiat bovu, ana kisu cha mfukoni lakini hana koleo, kila likiharibika anateseka. Akarudi Marekani akakaa miaka akichonga mfano wake, wa kwanza ukauzwa 1983. Mimi ninayo, nimefungulia nayo karburetor ya bodaboda barabara ya Kilwa usiku wa mvua, simu nimeibana mdomoni. Bila ile plaizi ningelala pale. Yeyote anayemwambia fundi aiache hajawahi kukwama njiani.

Hakimu wa Mtaa
Hakuna aliyesema aiache. Tunasema mjomba akae na springi yake.

Pima Kina
Samahanini, mimi nasema hii ni chai. Tena ya maziwa.

Tazameni wenyewe. Kwanza ni visu vyake. Akibanwa, kimoja kina kitufe. Akibanwa tena, si chake, ni cha mjomba. Halafu nimepitia nyuzi zake za nyuma: mwezi uliopita jina hili hili lilikuwa kwenye jukwaa la matangazo, anauza plaizi, visu na tochi za mkononi. Huyu hana dada Birmingham. Ni mfanyabiashara anapima njia ya kupitisha mzigo, na ninyi mnamfundisha mashine inavyoona. Modi angalieni hili.

Mwana wa Nyali
Wah. Nimeenda kuangalia, tangazo liko kweli.

Fundi Kigamboni
Tangazo ni langu, sikatai. Nilikuwa na kibanda Kigamboni, nikauza vifaa vyote kupata nauli. Niliyobakiza ni Leatherman peke yake. Kisu cha mjomba hakikuwemo kwenye tangazo, fungua picha uhakiki. Nilikinyamazia kwa sababu nilijua nyote mtasema hapana, na mimi nilikuwa natafuta mtu mmoja wa kusema ndiyo. Kuniita mwongo juu ya dada yangu, hilo limeniuma.

Pima Kina
Picha nimeziona, kisu cha kitufe hakimo. Ila vipande vyote vya hadithi vimetoka kwa kuvutwa na koleo, nami nina haki ya kushuku.

Kaunta ya Asubuhi
Hakuna aliyemfundisha kuficha hapa, kila mtu kamwambia aweke wazi. Awe Fundi au awe nani, wapo wengine wanasoma uzi huu wanafunga mabegi usiku huu. Tuendelee. Fundi, hapo juu zimetajwa tochi. Unabeba pawabenki?

Fundi Kigamboni
Ninayo, nimeshaiweka begi kubwa na chaja.

Kaunta ya Asubuhi
Itoe sasa hivi! Watu wanahangaika na kisu, kinachoshusha mabegi kila siku ni pawabenki. Betri ya lithiamu ikishika moto tumboni mwa ndege hakuna wa kuizima. Ikiwa juu, wahudumu wanaiona na kuikabili. Iende begi la mkononi, isizidi wati-saa 100, imeandikwa ubavuni. Na kiberiti cha gesi kisiwemo kabisa kwenye begi la chini.

Bint Mtoni
Na mjomba je? Mwanangu, usimpigie simu. Nenda kwake, kaa, mwamkie, mwambie: mjomba, nimeuliza, kule kitu hiki kitamfunga mtoto. Usiseme "sitaki kubeba". Mtu mzima akiambiwa jambo linamlinda mjukuu wake hawi mkaidi. Mwombe kikoi au kofia ya kiua, kitakaa na kijana mpaka aoe.

Fundi Kigamboni
Nimetoka kwa mjomba sasa hivi. Alifoka kwanza, akasema Wazungu wana wivu hata na kisu cha kumenyea chungwa. Nikamsomea alichoandika Kisiki, neno kwa neno. Akaniuliza mara mbili, "Hata ndani ya nyumba?" Nikamwambia hata ndani ya nyumba. Kisu amekichukua. Ametoa kofia ya kiua aliyoshonewa mwaka wa harusi yake, anataka nimpelekee kijana hiyo.

Leatherman iko kwenye ala, boksi na selotepu juu yake, nimeilaza juu ya nguo. Pawabenki imehamia kibegi cha mkononi. Kisiki, nikiwa kule naweza kwenda nayo dukani kwa miguu?

Kisiki cha Mpingo
Hapana. Droo la jikoni.

Pima Kina
Weka picha ya hiyo kofia ukifika, mezani kwa dada, na nitakuomba radhi hapa hapa mbele ya watu.

Fundi Kigamboni
Jumamosi jioni, mkuu. Kaa hapa hapa.

Mgeni Njiani
Wakuu, nami naruka wiki ijayo kwenda Toronto. Mama amenipa kisu cha kupasulia samaki na sindano za kushonea mikeka. Nifanyeje?

Kaunta ya Asubuhi
Begi la chini vyote viwili. Kisu kivike boksi, sindano zichome kwenye kipande cha kanda mbili uzikunje ndani. Kisu chenyewe kina kitufe?