Maria Magdalena aliwahi kuwa kahaba? Tujadili kwa maandiko

Mleta mada: Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Juzi kwenye jumuiya moja huku Dodoma mwalimu wa dini alimtaja tena Maria Magdalena kama "yule kahaba aliyetubu". Palikuwa na binti wa kipaimara mwenye jina hilohilo. Wenzake wakaanza kugusana viwiko, naye akainamisha kichwa. Nauliza, tunamwita hivyo kwa andiko lipi?

Luka 8 inasema alitokwa na pepo saba, akawa miongoni mwa wanawake waliomhudumia Yesu kwa mali zao. Basi. Yule mwenye dhambi aliyelowesha miguu ya Yesu kwa machozi yuko Luka 7, wala hakutajwa jina. Mariamu wa Bethania, dada yao Martha na Lazaro, ni mwingine tena. Papa Gregori Mkuu ndiye aliyewafanya watatu hao kuwa mtu mmoja katika mahubiri yake ya mwaka 591, na Kanisa la Magharibi likaendelea hivyo kwa karne nyingi. Waorthodoksi hawakuwachanganya. Kalenda yetu Wakatoliki ya sikukuu za watakatifu, ya 1969, iliwatenganisha, na mwaka 2016 Papa Fransisko akapandisha kumbukumbu yake ya Julai 22 ikawa sikukuu, kama za mitume. Sisi bado tunasema kahaba!

Mchangiaji wa kwanza: Mama, shikamoo. Mapokeo nayo yana kazi yake. Mimi niliacha pombe na kurudi kanisani kwa mahubiri juu ya Magdalena huyohuyo. Mkimwondolea dhambi zake, sisi wengine tumshike nani?

Mleta mada: Marahaba mwanangu, na Mungu azidi kukushika. Mshike yule wa Luka 7, maana Yesu mwenyewe alimwambia dhambi zake zimesamehewa. Mshike Petro pia. Alimkana Bwana mara tatu, lakini hakuna katekista anayemtambulisha kama "yule mwongo". Kwa nini mwanamke ndiye abebeshwe dhambi isiyoandikwa?

Mchangiaji wa pili: Mimi Mwanglikana. Mapokeo yenyewe yanagongana: Wafaransa wanasema alifia Provence, Wagiriki wanasema Efeso. Afadhali kubaki na Biblia tu.

Mleta mada: Ndugu yangu, alikofia wabishane. Mimi nadai Yohana 20, alipotumwa yeye kwanza kuwapasha mitume habari za ufufuko. Thoma wa Akwino, mwanateolojia mkubwa wa Kanisa na mtu wa mapokeo kabisa, alimwita mtume wa mitume. Mwenye andiko la ukahaba alilete hapa.